Tandiko la Zambarau

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa uzi. Shangazi aliniketisha mbele ya cherehani yake ya miguu, akauchomoa uzi kwenye sindano huku namtazama, akatandaza gazeti kuukuu chini ya sindano ile tupu na kuniambia nishone. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimeoga, nimejifunga leso mpya, nimepita vichochoro vya mtaa wa Kuze kutoka kwetu hadi kwake nimeinua kichwa kama mtu aliyeajiriwa serikalini, kumbe nimeitwa kutoboa magazeti.

"Nishone nini, Shangazi?"

"Shona mstari. Ukinyoka, uzi utakuja wenyewe."

Basi nikakanyaga. Kwa nyinyi msioijua cherehani ya miguu, ule ubao wa chuma ulio chini hukanyagwa kwa vidole na visigino kwa zamu, na gurudumu la juu lazima lizunguke upande mmoja tu, kuja kwako. Ukisitasita linarudi nyuma, na likirudi nyuma uzi hukatika. Miguu yangu ilikwenda mbele, gurudumu likarudi nyuma, mikono ikavuta gazeti pembeni, na mimi mwenyewe sikujua nitazame wapi. Salma, binti yake Shangazi, tuliyelingana naye umri, alikaa kizingitini akila achari na kunicheka mpaka akapaliwa. Yeye ndiye aliyestahili kukaa pale nilipokaa mimi, lakini alikuwa ameapa kwamba hatashika sindano maisha yake, na mama yake alishakata tamaa naye.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya, na kazi ninayoisimulia haikuwa na kibao mlangoni. Ilikuwa kazi ya nyumba na jamaa. Mtoto akizaliwa mtaani, alishonewa vikofia na vijitandiko. Idi ikikaribia, tulishona nguo za watoto wa ukoo mzima kwa jora moja la kitambaa, ndiyo maana picha za wakati ule zinaonyesha watoto wamevaa maua ya aina moja kama mapazia. Harusi ikitajwa, ndipo kazi kubwa ilipoanza: foronya, mashuka, vitambaa vya kufunikia sinia, na tandiko la kitanda cha bibi harusi, ambalo wageni wanawake wangeingia kulitazama na kulishika pindo kuona limegeuzwa vipi. Hatukuuza. Tulizawadiana, na zawadi zenyewe zilikaguliwa kwa ukali kuliko bidhaa yoyote ya dukani.

Nilipokwisha kunyoka, Shangazi alinihamisha. Alinipeleka kwa mama mmoja wa Kihindi, Muislamu, aliyekaa juu ya duka la vitambaa la mumewe karibu na Biashara Street. Tulimwita Mwalimu. Yeye alifundisha darizi ya cherehani, yaani kutia maua na nakshi kwa mashine badala ya mkono. Huko nilichanganyikiwa upya, kwa sababu kila nilichofundishwa na Shangazi, Mwalimu alikipindua. Aliung'oa mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa. Aliyashusha meno yanayokisukuma. Alikibana kitambaa baina ya pete mbili za mbao mpaka kikawambika kama ngoma, kisha akaniambia nikizungushe mwenyewe kwa mikono chini ya sindano inayokwenda mbio.

"Sindano haiendi popote, beti," alisema. Beti ni binti, ndivyo alivyotuita wanafunzi wake wote. "Anayekwenda ni kitambaa. Na kitambaa kinakwenda unakotaka wewe."

Sikujua ninakotaka. Majani yangu yalitoka kama viatu. Lakini Mwalimu alikuwa na subira, na taratibu mikono ilianza kuelewa kabla ya kichwa. Alinifundisha kuchora ua kwenye karatasi, kulitoboatoboa kwa sindano kufuata mchoro, kisha kuisugua karatasi kwa pamba iliyochovywa kwenye mafuta ya taa na nili, ili vitone vya buluu vidondoke juu ya kitambaa na kukuonyesha njia. Alinifundisha pia kanuni moja ambayo hakuiruhusu ivunjwe. Kabla ya kuchora chochote, mwanafunzi aliulizwa: ni kwa nani? Kama hakuwa na jibu, alirudishwa nyumbani akaulize. Mwalimu aliamini kwamba ua lisilo na mwenyewe hutoka baya, na kwamba zawadi ni kumjua mtu kwanza, ndipo uje uzi.

Siku ya kuagana alinipa kipande kikubwa cha bafta nyeupe, cha kutosha kitanda kizima, laini kiasi cha kupita kwenye pete ya kidole. Aliniambia hicho ni changu mwenyewe, nisikishonee mtu mwingine, na siku yangu ikifika nitajua nikitie nini. Nilijua siku hiyohiyo. Nilitaka asumini ndogondogo, nyeupe juu ya nyeupe, ambazo mtu hazioni mpaka akae karibu. Nilikifunga kwa leso nikakiweka chini ya nguo zangu, na usiku na mchana nilikuwa nikiyapanga maua yale kichwani. Katika nyumba ambayo kila kitu ni cha wote, kile kilikuwa kitu changu peke yangu.

Niliporudi kwa Shangazi, mambo yakaanza kuwa na ukungu. Alikuja na mfuko wa vitambaa akautua mbele yangu. Nilitakiwa kushona tandiko la bibi harusi, foronya zake, na kanzu ya bwana harusi.

Nikauliza kama nilivyofundishwa. "Ni kwa nani, Shangazi?"

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Mwanaidi, wewe umekuja kushona au kusaili watu?"

Zama zile posa ilifichwa. Watu waliogopa husuda, na msichana mwenyewe mara nyingi alikuwa wa mwisho kuambiwa. Basi nikakaa kimya nikatumia macho. Nyumba ya Shangazi ilikuwa inapakwa chokaa. Mama yangu alikuja kila siku, wakanong'ona jikoni, na nikiingia walianza kuzungumzia bei ya nazi. Salma naye alibadilika. Alikuwa akinitazama, mara anacheka, mara machozi yanamlenga, nikimuuliza ana nini, anakimbia. Nikajumlisha yote nikapata jibu: Salma anaolewa na hajaambiwa sawasawa. Nikamwonea huruma. Nikaamua nimfichie, kwa kuwa kila mtu anamfichia, lakini nimshonee tandiko atakalolipenda hasa.

Nikamzungukia siku moja tukikatakata mchicha. Nikamuuliza, hivi kama mtu angemshonea tandiko, angependa rangi gani? Salma akanikodolea macho muda mrefu. Kisha akasema zambarau. Nikamuuliza maua gani. Akasema makubwa, makubwa mno, kila moja kama sahani. Akaondoka akiwa ameziba mdomo kwa mtandio.

Mimi siipendi zambarau. Naiona rangi ya kidonda kinachopona. Na maua makubwa nayaona ni uvivu wa fundi asiyetaka kuhangaika. Lakini kanuni ni kanuni, mwenyewe kwanza. Nikachora maua kama sahani, nikanunua uzi wa zambarau iliyokolea na wa zambarau iliyofifia, nikayajaza petali kwa petali mpaka macho yakaniwanga. Kila nikichoka nilijiambia, ni kwa ajili ya Salma. Lilipokwisha lilikuwa zuri kwa namna yake, nami nikafurahi kwamba sitalala juu yake.

Kuhusu kanzu, kipimo kililetwa kwa uzi. Sisi wanawake hatukumpima mwanamume asiye wetu, kwa hiyo jamaa zake walimpima kwa uzi na kupiga mafundo: fundo la mabega, fundo la mkono, fundo la urefu. Uzi ule uliletwa na mama mmoja wa mtaa wa Kibokoni, mnene, mpole, aliyekuja kunywa kahawa kwa Shangazi mara nyingi siku zile na kukaa akiitazama mikono yangu. Nilimchukulia kuwa mjumbe tu. Nikaupima uzi mbele yake, na nilipofika fundo la mkono nikashangaa. Nikamwambia yule mama kwamba bwana harusi huyu ana mabega ya mchukuzi wa bandarini na mikono ya mtoto wa chuoni, yule anayeanza kusoma Kurani, na kwamba namsikitikia huyo bibi harusi. Shangazi alimwaga kahawa. Yule mama alitabasamu, akaniomba maji ya kunywa.

Nilikuwa nimemaliza kupiga pasi kanzu ile wakati somo alipofika. Somo ni mwanamke mzima anayemlea mwari kabla ya harusi, anamfundisha na kumpaka singo, yale manukato ya kusugulia mwili. Nilipomwona mlangoni nilijua siku ya Salma imewadia, nikasimama nikamsogeza Salma mbele kidogo, ili asishtuke peke yake. Somo alimpita Salma. Akanishika mimi kifundo cha mkono.

"Ndoo huku, mwanangu. Cherehani basi."

Nikamwambia amekosea. Nikamwonyesha Salma kwa kidole, huyu hapa. Hakuna aliyecheka. Mama yangu alikuwa ameegemea ukuta wenye chokaa mbichi na buibui lake likawa na doa jeupe mgongoni. Nakumbuka nilitaka kumwambia ajipanguse. Shangazi alikusanya mabaki ya nyuzi sakafuni bila kuniangalia.

"Mbona hamkunambia?" nilimuuliza.

"Ungaliyua," alisema Shangazi, "mkono ungalitetema. Na mimi nilitaka uwe na tandiko zuri kuliko mwari yeyote mjini hapa."

Alisema kwa mapenzi, hilo nalijua. Aliamini amenipa zawadi. Mimi nilikaa chumba cha ndani nikisuguliwa singo na kichwa changu kinazunguka kama gurudumu la siku ya kwanza, mbele na nyuma. Nilitaka kuuliza huyu mtu ni nani. Nilitaka kuuliza bafta yangu je, nani atanipa nafasi ya kuishona. Nilitaka kujua kama mikono ile ni mifupi kweli. Lakini lipi hutangulia? Siku ya ndoa Baba alikuja na mashahidi wawili wakasimama nyuma ya pazia, akaniita jina langu, akanitajia jina la mtu wa Kibokoni, akaniuliza kama nampa idhini aniozeshe. Nikafungua kinywa. Maswali yote yakaja pamoja, yakaziba njia, halikutoka hata moja.

"Amenyamaza," alisema mmoja wa wale wanawake. "Ameridhia."

Ndivyo ilivyokuwa desturi, kimya cha mwari ni jibu lake. Nyayo za wanaume zikaondoka, vigelegele vikapanda, na mimi bado nilikuwa nimefungua kinywa. Iliniuma. Hata sasa nikilieleza hili inaniuma, ingawa sikuozwa kwa mtu mbaya.

Bwana harusi aliingia akiwa amevaa joho juu ya kanzu, na alipolivua nikaiona kazi yangu. Mikono ya kanzu ilikomea katikati ya kigasha. Alikuwa akiivuta chini pole pole, na mikono yake ilikuwa mirefu tu kama ya watu wote. Baadaye nilikuja kufahamu. Kwa Shangazi mkono hupimwa tangu mfupa wa shingo hadi kiganjani. Kwao Kibokoni walipima tangu bega. Uzi uleule, fundo lilelile, nyumba mbili. Nilipoiona ile mikono nilicheka kwa mara ya kwanza tangu somo anishike, naye akacheka pia, kwa kunifuata tu. Kisha akatazama kitanda, akatazama maua yale kama sahani, akasema, "Mama alinambia kwamba wapenda zambarau." Akanyoosha kidole. Alikuwa ametundika mapazia ya zambarau dirishani.

Ningemwambia nini? Mtu ametafuta mapazia.

Hivyo ndivyo nilivyohamia kituo changu cha tatu, nyumba ya Mama Mkwe, ambaye bila shaka mmeshamtambua: ni yule mama mnene wa kahawa. Alikuwa mkuu wa kazi mwenye adabu na ulimi. Alikuwa na cherehani ya mkono, ile unayozungusha kipini kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, nami nilijifunza kushona kwa mara ya tatu, kwa mkono mmoja. Hakunigombeza hata siku moja kuhusu maneno yangu. Ila kila kanzu ya mwanawe ilipotaka kurekebishwa, aliniletea akisema, "Hebu mtazamie yule mtoto wa chuoni." Tuliishi vizuri. Pamoja tulishonea nusu ya Mji wa Kale: vijitandiko vya watoto ambao leo ni wazee, foronya za maarusi, nguo za Idi miaka na miaka.

Na kila nilipokwenda kumshonea bibi harusi, nilimvunjia Shangazi amri yake ya kutouliza. Nilihakikisha mwari mwenyewe ananiambia ua. Mama zao walikasirika. Niliwaambia hivyo ndivyo Mwalimu alivyotaka, wakadhani ni ufundi, wakaniacha. Wapo wasichana waliofahamu habari za harusi zao kwa kuulizwa na mimi wanataka ua gani. Sijui kama nilifanya vizuri. Mmoja alilia mpaka nikajuta, mwingine alikwenda kwa baba yake na harusi ikavunjika. Nilichojua ni kwamba nisingeweza kutia sindano kabla ya kuuliza.

Mume wangu naye hakuacha. Kila Idi leso ya zambarau. Kila safari, uzi wa zambarau, shanga za zambarau, hata kanga za zambarau ambazo wenye maduka waliziweka kando wakijua atakuja. Nilizivaa zote. Bafta yangu ilibaki imefungwa. Mara nilipata mimba, mara msiba, mara harusi ya mtu mwingine. Na kusema kweli kila nikiifungua niliogopa, maana siku yake ilikuwa imekwisha kupita nami sipo.

Tulikuwa wazee tayari, meno yake yamepungua na macho yangu pia, alipouliza siku moja tukitandika kitanda kwa nini sikuwahi kushona tandiko jingine la namna ile. Sijui kilichonifungua. Nikamweleza yote, Salma na mchicha na sahani. Alikaa ukingoni mwa kitanda akafikiri.

"Hata mimi siipendi rangi hii," alisema. "Naliivumilia kwa ajili yako."

Tulicheka mpaka jirani akabisha hodi. Nyuma ya kicheko nilikuwa na uchungu, naye alikuwa nao, kwa maana miaka ile yote swali moja tu lingetosha. Hatukulitoa tandiko lakini. Tulishalizoea. Alipofariki nililifua nikalitandika tena.

Sasa nimestaafu, kama kazi yetu ina kustaafu. Siwezi tena kutunga uzi bila miwani na dua, na cherehani ya Shangazi, ambayo Salma alinirithisha akisema haijui hata inakofunguliwa, imefunikwa kitambaa sebuleni. Lakini juzi mjukuu wangu Nuru alikuja na mama yake. Ameposwa. Yeye alijua kabla yetu sote, na mchumba amemtafuta mwenyewe. Nikamwambia anifungulie sanduku, atoe furushi lililo chini kabisa. Bafta ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa lakini haikuwa na tundu.

Nikamweleza kwamba kitambaa hiki ni chake. Nikavaa miwani, nikaweka karatasi na penseli magotini. Katika kichwa changu zile asumini zilikuwa tayari, ndogondogo, nyeupe juu ya nyeupe, zimengoja tangu nilipokuwa mdogo kuliko yeye. Nilikuwa na hakika ningezimaliza, kwa macho haya au kwa macho ya mwingine. Lakini kanuni ni kanuni.

"Wataka ua gani, Nuru?"

Hakufikiri hata kidogo. Aliangalia mlango wa chumba changu, kule kitandani alikokuwa akilala mchana utotoni.

"Kama lako, Bibi. Yale makubwa. Ya zambarau."

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa akinitania.  Nikamwambia aifunue cherehani, anitungie uzi wa zambarau, nikaanza kuchora sahani ya kwanza.